Bahari Iliyokauka na Mji Ulio Ndani ya Mwamba

Barabara kuu ya Stuart inalikata bara la Australia kutoka kusini hadi kaskazini. Ukitoka Adelaide na kuifuata kuelekea kaskazini, baada ya kilomita 850 hivi utaanza kuona vichuguu vya udongo mweupe pande zote mbili, vingi hadi upeo wa macho, kila kimoja kando ya shimo lake. Umefika Coober Pedy, mji wa wachimbaji wa opali. Miti ni haba, nyasi ni haba zaidi, na mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Katika miezi ya joto, Desemba hadi Februari, kipimajoto hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Wakazi hawafiki 2,000, na karibu nusu yao wanapika, wanalala na kulea watoto ndani ya mwamba.

Wageni huja, wakastaajabu, wakapiga picha, wakaondoka. Lakini kila linalowashangaza pale lina sababu, na sababu hizo zote zinaanzia kwenye maji: maji yaliyokuwapo zamani, yakaondoka, na ambayo leo hupatikana kwa gharama kubwa. Anayetaka kuuelewa mji huu na aanze hapo.

Bahari katikati ya bara

Yapata miaka milioni 110 iliyopita, sehemu kubwa ya ndani ya Australia ilikuwa chini ya bahari ya kina kifupi, ambayo wanajiolojia huiita Eromanga. Bara lenyewe lilikuwa kusini zaidi kuliko lilivyo sasa, na maji yake yalikuwa ya baridi. Humo waliishi chaza, viumbe wa jamaa ya ngisi, na reptilia wenye mapezi manne waitwao plesiosauri. Tope laini lenye chembe za asili ya volkano lilituama chini, tabaka juu ya tabaka, likawafunika waliokufa.

Kisha bahari ikajitoa, na tope likaachwa juani. Mwaka 2013 mwanajiolojia Patrice Rey wa Chuo Kikuu cha Sydney alieleza yaliyofuata. Madini ya chuma na salfa yaliyokuwamo kwenye tope yalikutana na hewa yakazaa asidi. Asidi ikamega madini ya volkano, na silika ikayeyukia majini. Maji hayo yalipenya chini kwa chini, yakaingia kwenye nyufa, kwenye maganda ya chaza yaliyobaki matupu, hata kwenye nafasi zilizoachwa na mifupa. Yalipokauka polepole, silika ikabaki. Rey alionyesha pia kwamba mazingira kama hayo yanafanana na dalili zinazoonekana kwenye uso wa sayari ya Mirihi, ambako mwaka 2008 chombo cha Marekani kinachoizunguka kiligundua silika ya jamii ya opali.

Ndiyo maana mchimbaji wa Coober Pedy huweza kukutana na ganda la chaza lililogeuka kito. Mwaka 1987 yalipatikana hapo mabaki ya plesiosauri mdogo ambaye mifupa yake imekuwa opali. Mnyama huyo, Umoonasaurus kwa jina la kisayansi, leo yuko katika Jumba la Makumbusho la Australia jijini Sydney. Michango ya umma ndiyo iliyomwokoa asivunjwevunjwe na kuuzwa vipande vipande.

Rangi bila rangi

Opali ni silika, yaani kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo, ikiwa imefunga maji ndani yake, kwa kawaida asilimia 6 hadi 10 ya uzito wake. Haina chembe ya rangi nyekundu, kijani wala buluu. Hata hivyo ukiigeuza mkononi, rangi hizo huwaka na kuzimika zikifuatana.

Siri hiyo ilifichuka mwaka 1964, wanasayansi wa shirika la utafiti la Australia, CSIRO, walipoichunguza kwa hadubini ya elektroni. Waliona tufe ndogo za silika, zenye kipenyo cha nanomita 150 hadi 300 na ukubwa sawa, zimepangana safu juu ya safu kama machungwa mezani pa muuza matunda. Tufe 3,000 za aina kubwa zikiwekwa mstari mmoja hazijazi milimita moja.

Mwanga unapoingia katika mpango huo, kila safu hurudisha sehemu yake. Miale iliyorudishwa ikikutana, rangi fulani huimarishana na nyingine hufutana. Tufe ndogo hutoa buluu na zambarau, kubwa hutoa mpaka nyekundu, na ukibadili pembe ya kutazama, rangi nayo hubadilika. Tufe kubwa zilizojipanga sawasawa ni nadra, na kwa hiyo opali yenye wekundu ndiyo ghali kuliko zote. Pale tufe zilipotuama ovyo, zikiwa na ukubwa tofauti, jiwe hubaki la kijivu au jeupe kama maziwa. Silika ni ileile na maji ni yaleyale, ila mpangilio ndio umekosekana, na mchimbaji hulitupa kwenye kifusi.

Kijana aliyekwenda kutafuta maji

Muda mrefu kabla ya mchimbaji wa kwanza kufika, nchi hii ilikuwa na wenyewe. Watu wa Antakirinja Matu-Yankunytjatjara wameishi humo wakijua visima na mabwawa yake ya msimu, na mwaka 2011 mahakama ya shirikisho iliitambua haki yao ya asili juu ya ardhi hiyo.

Historia ya uchimbaji ilianza Februari 1, 1915. Kundi dogo la watu lilikuwa likitafuta dhahabu bila mafanikio. Kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, aliyekuwa ameambatana na baba yake, alitoka kambini kutafuta maji, na huko akaona vipande vya opali vimetapakaa juu ya ardhi. Habari zikaenea. Walikuja wafanyakazi waliomaliza kujenga reli ya kuvuka bara mwaka 1917, wakaja askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Hao walishazoea kuishi mahandakini, na inasimuliwa kwamba ndio walioanza kuhamia kwenye mashimo kulikimbia jua. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakafuata wahamiaji wengi kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya. Mwaka 1956, ule wa Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, lilipatikana jiwe lililopewa jina Olympic Australis: opali ya karati 17,000, uzito wa karibu kilo tatu na nusu.

Uchimbaji wa hapa umebaki mikononi mwa watu binafsi. Sheria za jimbo la Australia Kusini humpa mwenye kibali kitalu kidogo, kwa kawaida cha mita 50 kwa 50 au 50 kwa 100, naye hupigilia vigingi kwenye pembe zake nne. Mtu na mwenzake hutoboa duara lenye upana wa mita moja hivi, wakashuka mita 20 au zaidi, kisha wakafuata tabaka kwa pembeni. Hakuna kifaa kinachoiona opali kutoka juu kwa uhakika. Mchimbaji huitafuta kwa macho na masikio, maana chuma kikiigusa hutoa mlio wa kioo.

Udongo huvutwa kwa lori lenye pipa kubwa juu na bomba refu linaloshuka shimoni, likifyonza kwa nguvu ya hewa. Pipa likijaa, sehemu ya chini hufunguka na mzigo wote huporomoka pale pale. Hivyo ndivyo vile vichuguu vya barabarani vinavyopata umbo la pia. Mashimo yenyewe hutajwa kuwa zaidi ya 250,000, mengi yakiwa wazi. Mabango yenye picha ya mtu anayetumbukia humwonya mgeni asikimbie, na hasa asirudi kinyumenyume akipiga picha.

Asiye na kitalu huchekecha kifusi, kama wanavyofanya kina mama wengi pale Mererani, Tanzania, wakitafuta vipande vya tanzanaiti vilivyoponyoka. Hukaa chini ya kichuguu, akapitisha udongo kwenye wavu, akageuza kila kijiwe upande wa jua akisubiri mmeto. Wengine hupitisha kifusi kwenye mkanda ndani ya kibanda chenye giza kilichowashwa taa za urujuanimno, maana opali nyingi hung'aa chini ya mwanga huo ilhali udongo unabaki mweusi.

Nyumba isiyojua msimu

Nyumba nyingi za Coober Pedy hazishuki chini kama kisima. Huchimbwa kwa ubavuni, ukaingia kilimani kupitia mlango wa kawaida, ukapita sebule yenye dirisha, ndipo ukaanza kuingia ndani ya mwamba. Ukutani kuna mistari ya mviringo, alama za meno ya mashine iliyokata chumba. Mwamba una mikanda ya rangi ya maziwa, waridi na kutu, na juu yake umepakwa dawa isiyo na rangi ili vumbi lisidondoke. Rafu ya vitabu imechongwa humo humo ukutani, na bomba la hewa linatokea juu ya kilima. Mwenye nyumba akitaka chumba kingine anakichimba, na wapo ambao katika kupanua nyumba walikutana na opali. Makanisa nayo yamechongwa hivyo, likiwamo la Waorthodoksi wa Serbia lililofunguliwa mwaka 1993.

Nje joto likiwa nyuzi 45, au usiku wa Julai baridi ikiuma, ndani hubaki nyuzi 23 hadi 25 bila kiyoyozi. Sababu ni kwamba joto husafiri ndani ya mwamba polepole mno. Joto la mchana huanza kuzama, lakini kabla halijafika mbali usiku umeingia na uso wa ardhi umeanza kupoa. Tofauti ya mchana na usiku huisha kabisa kabla ya mita moja. Wimbi la mwaka, la kiangazi na kipupwe, huzama zaidi, lakini katika kina cha mita nne limekwisha kupungua hadi chini ya theluthi moja ya nguvu zake, tena limechelewa kwa zaidi ya miezi miwili. Kilele cha joto kinapofika chumbani kikiwa hafifu, nje kunakaribia kupoa. Kinachobaki ni wastani wa mwaka mzima, ukiongezewa joto kidogo la miili, taa na jiko.

Hapa tena ukame ndio unaowezesha. Mwamba huu ni laini kiasi cha kukatika kwa mashine na imara kiasi cha kujibeba wenyewe, mradi ubaki mkavu. Mvua ingekuwa nyingi, maji yangepenya, kuta zingelowa na dari zingehatarisha maisha.

Maji ya kunywa, umeme wa upepo

Bado watu hawawezi kuishi kwa ukame peke yake. Maji ya mji hutolewa kwenye kisima kirefu kilicho kilomita 24 nje, katika Bonde Kuu la maji ya chini ya ardhi ambalo limeenea chini ya zaidi ya moja ya tano ya Australia. Ni maji ya kale na yana chumvi. Mtambo huyasukuma kwa shinikizo kubwa dhidi ya utando wenye vitundu vidogo mno. Maji hupita, chumvi hubaki nyuma. Kila hatua hula umeme, na kwa hiyo kila ndoo ina bei ya kuumiza.

Umeme huo kwa miaka mingi ulitoka kwenye dizeli iliyosafirishwa kwa malori. Tangu mwaka 2017 mitambo miwili ya upepo yenye jumla ya megawati 4, paneli za sola za megawati 1 na betri vimeunganishwa na jenereta, na vimechukua karibu asilimia 70 ya mzigo. Kwa mgonjwa mahututi, umbali hupunguzwa na ndege za Royal Flying Doctor Service, huduma iliyoanzishwa Australia mwaka 1928.

Mustakabali wa opali yenyewe hauna uhakika. Mafuta yamepanda, wachimbaji wamepungua, na tangu mwaka 2008 Ethiopia imeingia sokoni kwa kishindo na opali za Wollo. Nyingi kati ya hizo hunywa maji: ukizitumbukiza hubadilika sura, zikikauka hurudi, na baadhi hupasuka. Opali ya Coober Pedy imetulia, na utulivu huo ni sifa ambayo wauzaji wake bado wanaitegemea.

Hata kama kitalu cha mwisho kitafungwa, mji huu umeshathibitisha jambo ambalo nchi zote za joto zingepaswa kulizingatia. Miji yetu inaezekwa bati jembamba, kisha watu wanaambiwa wanunue ubaridi kwa umeme wasioumudu. Watu wa Coober Pedy, wengi wao wachimbaji wasio na shahada yoyote, waliipima ardhi waliyonayo na kujenga kwa kufuata tabia yake. Kuiga handaki lao kungekuwa kosa mahali ambapo maji yako mita mbili chini au udongo unaporomoka. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu: kujua mwamba wako, mvua yako na joto la ardhi yako kwanza, kisha kuchora ramani ya nyumba. Vipimo hivyo si ghali. Wanafunzi wa sekondari wenye kipimajoto na shimo la mita moja wanaweza kuvianza, na wasanifu na halmashauri wana wajibu wa kuvitumia kabla joto halijazidi.