Kuipima Faida ya Mbegu Mpya

Sisi wa Kyarumba, huku milimani, ni watu wa kahawa. Lakini chini, katika tambarare yenye joto ya Kasese, watu hulima pamba. Mwaka 2009 wataalamu walianza kujaribu huko pamba ya namna mpya. Moja imetiwa jeni ya bakteria wa udongoni, hata funza wa vitumba akiitafuna hufa. Nyingine haidhuriki kwa dawa ya kuua magugu. Mbegu hizo hazijaruhusiwa kuuzwa kwa wakulima wa Uganda.

Je, faida yake ingepimwaje? Kilo peke yake hazitoshi. Tuseme jirani amepanda mbegu mpya akavuna kilo 400, nami nimepanda ya zamani nikavuna 300. Zile 100 si lazima ziwe kazi ya mbegu. Huenda udongo wake ni mzuri, au alipalilia mapema. Basi yafaa kulinganisha mashamba yaliyo sawa, kwa misimu mingi, ya mvua na ya ukame. Kisha tutoe gharama ya mbegu, dawa na vibarua. Kwa ajili ya hesabu za namna hii, wachunguzi wa shirika la IFPRI waliwauliza wakulima wa pamba wa Kasese na Lira habari za gharama na mavuno yao, wakatoa kitabu mwaka 2013.

Hata hapo hesabu haijaisha. Palizi ikipungua, mama hupumzisha mgongo. Lakini kibarua aliyeishi kwa palizi hiyo atakula nini? Pamba ikizidi, nani ataichuma? Nimeona madawati matupu wakati wa mavuno. Fedha zikiongezeka na mtoto akakosa masomo, hasara hiyo nayo iandikwe.

Kipimo kizuri tunacho hapa hapa. Wanachama wa Bukonzo Joint, ushirika wa kahawa wa Kyarumba, wamejifunza kuchora mti wa nyumba: mizizi huonyesha kazi za mume na za mke, matawi huonyesha matumizi ya kila mmoja. Mti ukiinama upande mmoja, hata asiyejua kusoma huona.

Nashauri mti huo uchorwe kabla ya kupanda mbegu yo yote mpya, na tena baada ya kuvuna. Nanyi ndugu mliokwisha maliza masomo, mlio na mashamba, anzeni leo kuandika mavuno yenu. Asiyepima mwanzo hatajua amefika wapi.