Deni la Kodi na Haki ya Kukaa: Jinsi Mpangaji Anavyoondolewa Nyumbani Nchini Kenya

Katika sheria za Kenya, deni la kodi na haki ya mtu kukaa katika nyumba aliyoipanga ni mambo mawili, na ugomvi mwingi kati ya wenye nyumba na wapangaji huzuka pale yanapochukuliwa kuwa jambo moja. Mwenye nyumba ambaye hajalipwa ana dai halali la fedha, lakini dai hilo peke yake halimruhusu kutia kufuli jipya mlangoni, kung'oa mabati, au kukata maji na umeme ili mpangaji achoke na kuondoka mwenyewe. Wenye uwezo wa kuamuru mtu ahame bila hiari yake ni mahakama, au jopo lililopewa mamlaka hayo.

Mahali pa kupeleka shauri hutegemea kiwango cha kodi. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, ya mwaka 1959, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida, yaani ile inayotambuliwa na sheria na ambayo si lazima ilingane na ile inayodaiwa, haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba ya aina hiyo hupaswa kuthibitisha mbele ya Jopo la Udhibiti wa Kodi mojawapo ya sababu zilizotajwa na sheria, kama vile malimbikizo ya kodi, kuwasumbua majirani, kuiharibu nyumba au kuipangisha kwa mtu mwingine bila idhini, na hata sababu ikithibitika, jopo halitoi amri ya kuhama lisiporidhika kwamba ni busara kuitoa. Ulinzi huu ni madhubuti kwelikweli, ila huwafikia wachache, kwa kuwa mjini Nairobi hata chumba kimoja cha mabati chaweza kukivuka kiwango hicho.

Wapangaji wanaolipa zaidi hutegemea mkataba wao pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Pale mkataba usipotaja muda, upangaji huhesabiwa kuwa wa vipindi, na kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha malipo, hivyo anayelipa kila mwezi hustahili notisi ya mwezi mmoja. Mkataba wa muda maalumu ukikiukwa, notisi hutaja kosa lenyewe na, ikiwa kosa hilo linarekebishika, humpa mpangaji angalau siku 30 za kulirekebisha. Mwenye nyumba naye ana mtego wake: akipokea kodi kwa miezi miwili baada ya muda wa mkataba kwisha, huhesabiwa kwamba upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi umeanza, kwa hiyo fedha zinazoingia kimyakimya kwenye M-Pesa yake zaweza kumlazimu aanze upya kutoa notisi.

Notisi, hata iwe imeandikwa na wakili, haimtoi mtu nyumbani. Mpangaji asipohama, mwenye nyumba hufungua kesi katika mahakama ya hakimu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na akishinda, amri hutekelezwa na dalali mwenye leseni, huku polisi, wakiitwa, wakiwa na kazi ya kulinda amani tu.

Ipo pia njia ya kukamata mali, ambayo wengi huidhania kuwa ni kufukuzwa. Kwa njia hii dalali aliyeidhinishwa huorodhesha na kuuza vyombo vya mpangaji ili kulipia malimbikizo, isipokuwa vitu vinavyokingwa na sheria kama mavazi ya lazima, lakini upangaji wenyewe hubaki palepale. Vivyo hivyo, amri ya kuhama haifuti deni: fedha zilizobaki, au amana ambayo mwenye nyumba amekataa kuirudisha, hudaiwa kwa kesi yake, na zisipozidi shilingi milioni 1 dai hilo laweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo.