Sauti ya Kinu Baada ya Laasiri

Mgeni yule aliingia na daftari. Aliletwa na jirani yangu hapa Kibokoni, Mombasa, amekuja kuandika kuhusu vyakula vya Pwani, na kabla hajakaa sawasawa akauliza: iliki vijiko vingapi? Nikamwambia iliki haitiwi kwa kijiko, huhesabiwa punje, na hesabu yenyewe hutegemea nani amekuja. Akaandika "punje 6". Akauliza tena kama ni kweli chai hii tumeiga kwa Wahindi. Nikamjibu nilivyoweza. Akaonja nusu kikombe, akashukuru, akaaga kwa kuwa gari lilikuwa linamngoja. Nilipokwenda kuondoa vyombo nikakuta utando wa maziwa umeshaganda juu ya chai aliyoibakisha, na roho ikaniuma. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijibu maswali yake peke yangu, jikoni.

Hilo la Wahindi nilianze nilimalize. Majani ya chai hayakuota kwetu tangu asili. Yalipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, kule Limuru. Na huko India kwenyewe, watu wa kawaida walianza kunywa chai kwa wingi katika karne ya 20 tu. Lakini iliki ya vilima vya Malabar ilikuwa ikija na majahazi ya kaskazi zamani sana kabla ya hapo, na karafuu zilikuwa zimeshaota Unguja na Pemba tangu karne ya 19. Kwa hiyo chai ilipofika Mombasa ilikuta viungo viko jikoni, na ikawakuta Waswahili, Wahindi, Waarabu na Mabaluchi wanakaa mtaa mmoja, wanaazimana sufuria. Nani alitia iliki kwanza? Ukuta wa nyumba zetu ni mmoja, na harufu haina mwenyewe.

Hata majina yanashuhudia. Neno mdalasini limetokana na Kiajemi, na maana yake ni mti wa China. Chai nayo tunaitamka kama Waajemi, Waturuki na Wahindi wanavyoitamka, kutoka Kichina, ilhali neno la Waingereza, "tea", asili yake ni kwa Wachina wa pwani ya Fujian. Leo huko Uingereza na Marekani wameyabandika majina yote mawili juu ya kikombe kimoja, ukiagiza ni kama umesema "chai chai", na mara nyingi unachopewa ni sharubati ya viungo iliyomwagiwa maziwa ya povu. Wajukuu zetu walioko huko wanakinunua kwa bei kubwa, wakidhani wamepata ladha ya nyumbani. Nalo linaloniuma zaidi ni la hapa hapa nchini: kwamba neno hili limegeuzwa kuwa jina la rushwa. Mtu anakudai uinunue haki yako, halafu anaiita chai. Kitu tulichompa mgeni bure!

Sasa chai yenyewe. Bibi yangu alikuwa na kinu cha shaba, kidogo, kina mdomo uliopinda upande mmoja kwa kuanguka. Laasiri ikishaswaliwa alikaa juu ya kibao, kinu katikati ya miguu, akaanza na tangawizi. Ilikuwa mbichi, imeoshwa ikabaki na ganda lake, akaiponda mpaka nyuzi zikatoka. Hiyo ndiyo iliyotangulia kuingia kwenye maji, peke yake, ichemke kwanza. Nilipokuwa mdogo niliona ni mazoea tu, mpaka siku moja nikafanya haraka, nikatia tangawizi mbichi pamoja na maziwa, na maziwa yakakatika yote mbele ya wageni. Tangawizi mbichi ina kitu ndani yake kinachogandisha maziwa, na moto hukiua. Bibi hakusoma hayo popote, lakini hakuwahi kukosea.

Baada ya tangawizi, iliki. Aliitwanga na ganda lake, maana ganda nalo lina kazi, mpaka zile mbegu nyeusi zikapasuka. Kijiti cha mdalasini alikivunja kwa mkono. Karafuu mbili, zisizidi, kwa sababu karafuu ikizidi hukuachia ulimi uliokufa ganzi. Wakati wa kusi, mvua ikinyesha na vifua vikianza, alitia punje tatu nne za pilipili manga. Majani yaliingia maji yakiwa yameshabadilika rangi, na sukari ilitiwa jikoni, haikuletwa mezani kwenye kibakuli. Kisha maziwa, kisha upawa: akichota na kumimina kutoka juu, chai ikipanda na kushuka, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hapo huchujwa ndani ya buli.

Majani yetu yanaistahimili kazi hiyo. Mengi ya Kenya hukatwa, hupasuliwa na kuviringwa na mashine yakawa chembe ndogo, hutoa rangi upesi na kwa nguvu, wala maziwa na viungo haviyamezi. Hapa Mombasa ndipo penye mnada, tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, na chai ya Uganda, Rwanda na Burundi pia hupita hapa ikienda kuuzwa duniani. Chai ya rangi isiyo na maziwa, ile tunayoiita ya mkandaa, hupikwa vivyo hivyo, na mchaichai huongezwa kwa anayeupenda.

Yule mgeni angeweza kuyaandika hayo yote, na bado asingeijua hesabu ya iliki.

Jioni moja shangazi yangu alikuja, buibui limefunika mpaka kwenye nyusi. Alisalimu, akashika mkono wa bibi akaubusu, akaketi uani kwenye mkeka, kimya. Bibi hakumuuliza lolote. Alinyanyuka akaleta kopo la iliki, akanimwagia kinuni konzi nzima, nyingi kuliko nilivyowahi kuona. "Twanga, mama," akaniambia. Nikatwanga. Nilipotaka kupumzika akanionyesha kwa jicho niendelee. Kinu cha shaba kina sauti kali, husikika mpaka nyumba ya tatu, na ndani ya sauti ile shangazi yangu alilia vile alivyotaka kulia, bila majirani kumsikia wala mimi kuambiwa. Bibi alisimamisha mkono wangu shangazi alipojifuta uso. Chai ya siku hiyo ilikuwa na iliki mpaka ilikwaruza koo, na tuliinywa yote. Kilichokuwa kimetokea nyumbani kwake nilikuja kukijua baada ya miaka mingi.

Hiyo ndiyo mila ninayoililia. Kati ya kinu kulia na buli kufika ukumbini zilipita kama dakika ishirini, na dakika hizo zilikuwa mali ya mgeni. Aliyekuja kukopa alipata nafasi ya kutafuta maneno. Aliyekuja kwa hasira alipoa. Aliyekuja kusalimu tu alisikia kinu akajua ametakiwa, kwamba kuna mtu ameinuka kwa ajili yake. Majirani nao walisikia, wakasema leo kwa fulani kuna watu, na mmoja wao angetokea na sahani ya mahamri imefunikwa kawa. Hakuna aliyealikwa na hakuna aliyeshangaa.

Kwenye msiba ilizidi. Siku tatu za matanga jiko la wafiwa haliwashwi kwa kupikia wageni. Majirani ndio wanaopika. Alfajiri ungesikia vinu vinalia nyumba hii na ile, vimepishana kidogo, na kabla jua halijatoka mabuli yamepangwa mlangoni mwa wafiwa, kila moja na ladha ya mikono yake. Mama yangu alipofariki niliijua kila nyumba kwa chai yake, macho yangu yakiwa yamefumba. Ya nyumba ya kona ilikuwa na pilipili manga. Ya mama wa ghorofani haikuwa na karafuu kabisa, kwa kuwa alijua mama hakuzipenda, naye mama hayupo tena wa kuinywa.

 

Leo viungo vinakuja vimesagwa, ndani ya pakiti, kijiko kimoja na kazi imekwisha. Iliki ikishasagwa mafuta yake ya harufu huanza kupaa. Ikikaa rafuni miezi, unachotia chaini ni rangi na ukali. Nyumba nyingine chai hupikwa asubuhi ikatiwa ndani ya chupa, mgeni akija jioni anamiminiwa ya tangu asubuhi, tayari, kabla hajavua viatu. Anapewa kikombe, anakinywa, na kwa kuwa hakuna kinachongojewa anaondoka. Halafu tunalalamika kwamba watu hawatembeleani.

Simlaumu mama anayerudi kazini magharibi, amechoka na foleni ya magari ya Nyali, na watoto wana njaa. Mzigo huu ulikuwa wa wanawake peke yao muda mrefu mno, na kama mila hii itaponywa basi wavulana nao wakalie kile kibao. Mwanangu wa kiume anatwanga, na anatwanga vizuri. Wala sidai iwe kila siku. Nasema siku mgeni anapokuja na uso umebadilika, pakiti haitakufaa kitu.

Sokoni Marikiti iliki nzima bado inauzwa kwa kupimiwa, hata ukitaka kidogo, na nusu ya gunia la habari za mji utaipata hapo hapo ukingoja mizani. Kinachonitisha ni vinu. Nimeviona vya shaba kwenye maduka ya watalii, vimeng'arishwa, vimepangwa dirishani pamoja na mikufu na vinyago, na nilipouliza vimetoka wapi nikaambiwa watu huvileta wenyewe, wakisafisha nyumba za wazee wao waliofariki.

Kama kwenu kimebaki kimoja, usikiuze. Kisugue kwa ndimu na majivu, kianike kikauke, ukirudishe jikoni.