Joto la sanduku la kakao: waya usitudanganye



Tulipopita mara ya mwisho kwenye masanduku ya kakao upande wa Beni, swali moja lilikuwa linarudi kila pahali: "Mashini inasema digri 38, lakini mkono wangu unasikia moto kuliko pale. Tuamini nini?" Leo tunajibu, sababu jibu lake ni pesa.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Katika koperative moja tulifunga kipimo cha joto kinachoitwa termokupli, pamoja na ordinatere ndogo ya kibao kimoja, ile Raspberry Pi inayotosha ndani ya kiganja. Waya haukufika depo, basi tukaunga meta tano za waya wa kawaida wa shaba, ule wa taa. Maungio tuliyafunga kwenye ubao wa sanduku, chini ya majani ya ndizi. Siku ya tatu skrini ilionyesha digri 38. Wakulima wakasema kakao haijapata moto, wakaiacha siku mbili zaidi ya kawaida. Kumbe ndani ilikuwa karibu 48! Mbegu zikapita kiasi, zikawa nyeusi na kunuka vibaya. Mnunuzi akashusha bei. Waliolipa ni wakulima, lakini kosa lilikuwa letu.

Joto lile linatuambia nini?

Siku ya kwanza na ya pili, hamira inakula sukari ya ule ute mweupe. Tunapogeuza kakao, hewa inaingia, na vijidudu vingine vinatengeneza siki. Kazi hiyo ndiyo inaleta moto wa digri 45 mpaka 50. Moto na siki vinaua mbegu, na hapo ladha ya chokoleti inaanza kujengwa. Moto ukikosa, kakao inabaki chungu. Ukikaa siku nyingi mno, inaoza. Kwa hiyo kosa la digri 10 si jambo dogo.

Waya unapimaje?

Termokupli ni nyaya mbili za metali mbili tofauti, zimeunganishwa kwenye ncha. Ncha ikiwa na moto kuliko mwisho wa pili, umeme kidogo sana unatokea. Kwa aina ya K, ambayo ndiyo inapatikana kwa urahisi, ni karibu mikrovolti 41 kwa kila digri moja. Hata batri ndogo ya redio ina volti 1.5, yaani mikrovolti 1,500,000. Kwa hiyo kati ya waya na ordinatere tunaweka kipande kama MAX31855 cha kusoma umeme huo mdogo.

Sikilizeni vizuri hapa: termokupli haipimi joto la ncha peke yake. Inapima tofauti kati ya ncha na pahali waya wake unapoishia. Kile kipande kinajipima joto lake chenyewe, kisha kinaongeza. Sisi tulipounga shaba, waya wa termokupli uliishia kwenye ubao wenye digri 35, lakini kipande kilikuwa depo kwenye digri 25. Zile digri 10 za katikati zikapotea. Mashini haikuharibika. Tulioharibu ni sisi.

Mambo ya kufanya

1. Musiunge kamwe na waya wa kawaida. Waya ukiwa mfupi, tafuteni waya wa kuongeza wa aina ileile ya K, ao musogeze ordinatere karibu.

2. Shikeni ncha mkononi. Namba ipande. Ikishuka, nyaya zimegeuzwa. Angalieni rangi: kwa kawaida ya Ulaya kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Kwa kawaida ya Marekani njano ni chanya na nyekundu ni hasi. Wengi wanakosea hapo, wakizani nyekundu ni chanya siku zote.

3. Pimeni katika barafu. Pondeni barafu, mutie maji kidogo, mukoroge, bila chumvi. Namba iwe karibu na 0.

4. Pimeni katika maji yanayochemka, lakini musingojee 100. Kwetu tuko juu. Kila meta 300 za mwinuko zinapunguza karibu digri 1. Kwenye meta 1,200, maji yanachemka karibu na digri 96.

5. Barafu ikikosekana, chukueni termometa ya kupima homa. Itieni pamoja na ncha katika maji ya vuguvugu, chini ya digri 40, musome zote mbili. Musiitie katika maji ya moto, itapasuka.

Waya wa K na kipande vyote viwili vinaweza kukosea digri 2 hivi. Kama kila mara inazidi 2, andikeni kwenye daftari na muondoe 2 kila musomapo.

Ncha iwe ndani ya mfuniko wa chuma kisichoshika kutu, sababu siki inakula metali. Iingizeni katikati ya kakao, mbali na mbao, kwa sababu pembeni kunapoa. Ordinatere ikae kivulini, pakavu. Tena, umeme ukikatika na intaneti haiko, saa ya Raspberry Pi nyingi inapotea. Mtu aandike saa ya kweli kwa kalamu.

Na mkono wa mkulima? Usiuache. Mkono na skrini vikibishana, tusichague upande haraka. Tutoe ncha, tuipime upya, kisha tuamue. Ule mzee aliyetuambia "mkono wangu unasikia moto" alisema kweli, na sisi tulichelewa kumusikia.