Nakala Gani Yafaa Kulinganishia Virusi vya Mpox?

Wagonjwa wa mpox huuliza: "Maji ya kipele changu yamepelekwa maabara. Wanatafuta nini tena, nao waganga wamekwisha kuutambua ugonjwa wangu?" Swali hili ni la haki. Tulijibu polepole.

Virusi ni kitu kidogo sana, hakionekani kwa macho. Lakini ndani yake mna maagizo yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, zikirudiwa-rudiwa. Maagizo yote pamoja huitwa jenomu. Jenomu ya virusi vya mpox ina herufi karibu 197,000. Virusi vinapozaana, maagizo haya hunakiliwa, na mara kwa mara herufi moja hukosewa. Kosa hilo huenda kwa watoto na wajukuu. Kwa njia hiyo waganga hujua virusi gani ni vya ukoo mmoja.

Fikiri juu ya wanakwaya wanaonakili wimbo katika madaftari. Mmoja aacha neno. Mwenzake anakili kwake, na kosa lafuata. Ukitaka kujua nani alinakili kwa nani, huna budi kuweka nakala moja mezani na kulinganisha madaftari yote nayo. Nakala hiyo ndiyo kielelezo. Lakini angalia: kama kielelezo chenyewe hakina ubeti wa tatu, hutaona kamwe kwamba daftari fulani limeupoteza ubeti ule.

Na mpox ni vivyo hivyo. Ugonjwa huu ulijulikana kwa mwanadamu mara ya kwanza mwaka 1970, katika Equateur, hapa Kongo. Virusi vyake vina koo mbili kubwa: ukoo wa I, wa Afrika ya Kati, na ukoo wa II, wa Afrika ya Magharibi. Katika maabara hutumika sana vielelezo viwili. Kimoja ni cha virusi vilivyotoka nchi yetu mwaka 1996, ilipokuwa ikiitwa Zaire. Cha pili ni cha virusi vya Nigeria vya mwaka 2018. Koo hizi mbili hutofautiana kwa herufi kama 5 katika kila 1,000.

Mwezi wa Septemba 2023 mpox ilianza kuonekana Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika jimbo letu la Kivu ya Kusini. Jenomu za virusi hivyo zikasomwa. Zilipolinganishwa na nakala za ukoo wa I, mambo mawili yalionekana.

La kwanza: kipande cha herufi zaidi ya 1,000 kilikuwa kimepotea. Na kipimo kilichotumiwa kutambua ukoo wa I kilitafuta kipande kile kile! Kipimo cha mpox kwa jumla kilijibu "ndiyo", lakini kile cha ukoo wa I kilijibu "hapana", ingawa virusi vilikuwa vya ukoo huo.

La pili: kulikuwa na alama ambazo kinga ya mwili wa mtu huziacha katika virusi. Zilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu hata mtu, si kutoka kwa wanyama wa porini peke yao. Tawi hili jipya likaitwa Ib.

Je, kama mtu angalitumia kielelezo cha Nigeria peke yake? Ukoo ule hauna kipande hicho tangu zamani. Kwa hiyo asingaliona kwamba kimepotea. Tena tofauti za kale, karibu 1,000, zingalizifunika zile chache zilizo mpya.

Basi kielelezo chema kina sifa tatu. Kiwe cha ukoo ulio karibu na virusi vinavyochunguzwa. Kiwe kizima, bila mapengo. Na kitumiwe kile kile na wote, ili anayesoma Kinshasa na anayesoma Kampala, wakitaja herufi fulani, wawe wanaitaja moja. Lakini kielelezo si virusi vya kweli kuliko vingine. Ni nakala ya kupimia tu. Ukoo ukibadilika, yafaa kuangalia tena kama bado kinafaa.

Jambo hili si dogo. Tawi la Ib lilifika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari kwa dunia yote, iliyoondolewa tarehe 5 Septemba 2025.

Kwa hiyo, ukiwa na homa, tezi zilizovimba na vipele, njoo hospitali upesi. Usilale kitanda kimoja na wengine, wala usigusane nao ngozi kwa ngozi. Na mwuguzi akiomba kupangusa kipele chako kwa pamba, mruhusu. Mpox ya mgonjwa wa Kivu haijulikani vema kwa kusoma virusi vya mgonjwa wa mbali.