Mlango Ambao Kijana Haulizwi Anaumwa Nini

Jua likianza kupoa Bujumbura, pita Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga au Kinama: utawakuta vijana wamekaa kwenye ligala. Ni kona ya barabara tu, chini ya mti au ubavuni mwa duka, penye mawe ya kukalia na pengine benchi lililochakaa. Wanazungumza mpira, kazi zisizopatikana, mapenzi, na nani amevuka mpaka kwenda kutafuta maisha. Dar es Salaam pangeitwa kijiwe. Wazazi wengi wanapatazama kwa jicho baya, kwa sababu ndipo bangi inapozunguka na ndipo wenye siasa zao wanapowaokota vijana nyakati za fujo. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kwa upande wa afya ya akili, ligala lina sifa moja ambayo ofisi zetu nyingi hazina: kijana anapokelewa kila siku, bila kutakiwa kwanza aeleze shida yake.

Sifa hiyo ndiyo msingi wa sehemu yoyote inayotaka kulinda akili za vijana. Tukitaka waje, tuwape sababu ya kuja isiyokuwa maumivu yao.

Umri wa ujana una uzito wake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa nusu ya matatizo ya akili yanayowapata watu maishani huwa yameshaanza wakiwa na miaka 14, na robo tatu wanapofika miaka 24. Burundi, karibu theluthi mbili ya wananchi hawajatimiza miaka 25. Wazazi wao wamepitia vita vilivyoanza Oktoba 1993, na wengi wa vijana wenyewe wanakumbuka milio ya risasi ya ghasia za kisiasa za mwaka 2015. Sehemu ya ubongo inayopima hatari na kutuliza hisia huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka ishirini. Hofu ikikaa muda mrefu ndani ya mwili unaokua, mwili huzoea kukesha: usingizi unakatika, mlango ukibamizwa moyo unaruka, hasira iko karibu.

Kijana wa namna hiyo ni nadra kuja akasema ana sonona. Atasema kichwa kinamgonga, tumbo linamsokota, ana mawazo. Wavulana ndio wagumu zaidi, kwani Warundi husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na mtoto huufuata msemo huo kabla hajaujua. Kwa hiyo ukifungua chumba ukaweka kibao cha ushauri wa afya ya akili, jiandae kukaa peke yako. Anayeingia anajua mtaa mzima umemwona, na kesho ataitwa mwendawazimu.

Bujumbura yenyewe ina mfano wa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wamisionari Wakatoliki wa shirika la Xaverian walianzisha Centre Jeunes Kamenge katika mitaa ya kaskazini mwa jiji. Walilenga vijana wa miaka 16 hadi 30 wa Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Buterere na Gihosha. Kituo kilikuwa bado kichanga pale Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993 na nchi ikaingia vitani. Mitaa ile ikagawanyika: Kamenge ikajulikana kuwa ya Wahutu, Ngagara ya Watutsi, na kuvuka kutoka mmoja kwenda mwingine kukawa ni kuhatarisha roho. Mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge na wakazi wakakimbia.

Kilichokuwa kikiwaita vijana kwenye kituo kile ni viwanja vya mpira, maktaba, masomo ya lugha, muziki na filamu. Ndani ya ukuta ule, kijana wa Kamenge aliweza kujikuta timu moja na kijana wa Ngagara. Mpira ukitoka kwa huyu lazima umfikie yule, la sivyo wote wamefungwa. Likizoni waliandaliwa kambi za kazi, wakafyatua matofali pamoja na kukarabati nyumba zilizobomolewa. Mwaka 2002 kituo kilitunukiwa Right Livelihood Award, tuzo ambayo wengi huiita Nobel mbadala, kwa ujasiri wa kuwakutanisha vijana waliotakiwa kuwa maadui.

Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alikuwa ameeleza tangu mwaka 1954 ni lini watu wa makundi yanayohasimiana huanza kuaminiana. Wawe na hadhi sawa mahali wanapokutana, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wa mahali hapo waunge mkono jambo hilo. Kukaa jirani peke yake hakutoshi. Uwanja wa mpira wenye timu mchanganyiko, na msimamizi asiyependelea, hutimiza masharti yote manne. Na kijana asiyelazimika kumwogopa aliye pembeni yake amepumzika, hata kama hajazungumzia hofu yake hata mara moja.

Nchi nyingine za Afrika zimetuongezea ushahidi. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri uliwapeleka vijana waliomaliza sekondari karibuni wakaongoze vikundi vya wanafunzi wa sekondari, kikao kimoja kwa wiki, wiki nne. Vikao havikujikita kwenye ugonjwa. Vilihusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo ambayo mwanafunzi anayathamini. Utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi wa mtaani kukaa na mtu kwenye benchi, kumsikiliza na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalithibitisha kuwa benchi lile linasaidia. Wote hawa si madaktari. Ni watu waliofunzwa, wanaosimamiwa, na wanaopatikana.

Basi mtaa unaotaka kuanza ufanye nini? Kwanza, uanze na kile ambacho vijana wanakipenda tayari: mpira, ngoma, cherehani, kompyuta, kusuka nywele. Pili, awepo mtu mzima yule yule, siku zile zile, saa zile zile. Kwa kijana aliyekulia katika mashaka, kujua kwamba Jumanne saa kumi mlango utakuwa wazi na Mama fulani atakuwepo ni sehemu ya tiba. Mtu huyo ajifunze kuona. Mvulana aliyekuwa mshambuliaji wa timu sasa anakuja anakaa kwenye ua, viatu mfukoni, hachezi. Asimwite mbele za watu. Amwombe amsaidie kukusanya mipira, kisha watembee pamoja, amwulize usiku analalaje. Swali la usingizi halimvunjii mtu heshima, na mara nyingi ndilo linalofungua mengine.

Tatu, wasichana wafikiriwe tangu siku ya kwanza. Ligala ni la wavulana. Msichana akikaa pale anasemwa. Yeye ana maji ya kuteka, wadogo wa kulea, na giza la kurudi nalo. Sehemu inayomkaribisha kweli ina choo chake chenye kufuli, ina saa zinazoendana na kazi za nyumbani, ina mwanamke miongoni mwa wasimamizi, na inamruhusu aje na mdogo wake mgongoni.

Nne, iwepo njia ya kwenda mbele. Mpira hautibu kila kitu. Kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyetekwa na dawa za kulevya, au anayesema amechoka kuishi, anahitaji mtaalamu. Huyo wa mwisho asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na asindikizwe, asielekezwe tu. Bujumbura ina hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, inayoendeshwa na Mabruda wa Upendo tangu miaka ya 1980. Msimamizi awe anamjua mtu wa kumpokea huko kabla hajamhitaji.

Haya yote hayangoji wafadhili wajenge jumba. Madarasa hufungwa alasiri. Nyua za misikiti ya Buyenzi na za parokia huwa wazi siku nyingi za juma. Wazee wa mtaa wakae na vijana wa ligala, wawaulize wangependa kufanya nini pale, na wawape wao wenyewe ufunguo na zamu ya kusimamia. Watu hukitunza wanachokimiliki. Vijana wetu wameshatuonyesha kuwa wanahitaji mahali. Wamejitengenezea kwa mawe ya barabarani. Deni letu ni kuwaongezea usalama, mtu mzima wa kuaminika, na njia ya kufika kwa daktari.