Kigugumizi cha Mota ya Hatua

Msomaji mmoja, aliyejiundia kwa mikono yake mashine ya kuchora kwa kalamu, ameniuliza kwa nini mota yake ya hatua huzunguka vizuri kitambo kirefu, kisha ghafula hushtuka, hulia kama kokoto ndani ya debe, na kuanzia hapo kila mstari hukaa kando ya mahali pake. Naye, kwa kudhani mota ni mbovu, amekwisha nunua ya pili, na ya pili imefanya yaleyale. Ameniletea na programu yake, nami baada ya kuisoma naona kwamba mota zote mbili hazina lawama.

Jinsi sumaku na shaba zinavyozungusha mhimili imekwisha elezwa mara nyingi, sitairudia. Yatosha kukumbuka kwamba mota ya namna hii humaliza duara kwa hatua 200, na kwamba kiendeshi chake, kile kipande kidogo cha A4988, huweza kuigawa kila hatua mafungu 16, hata mzunguko mmoja ukahitaji mapigo 3,200 ya umeme. Mota ya msomaji wangu huzunguka mara 5 kwa sekunde. Basi Arduino Uno yake, bodi inayoiendesha programu, haina budi kutoa mapigo 16,000 kila sekunde, na baina ya pigo na pigo mna maikrosekunde 62.5 tu.

Mfikirie mpiga ngoma wa harusini ambaye wenye shughuli, kwa uchache wa watu, wamempa na kazi ya kupokea wageni. Anapiga sawasawa, wachezaji wanamfuata, mara anasikia "Hodi!", na kwa kuwa adabu haimruhusu kumwacha mgeni mlangoni, huinuka, huitikia "Karibuni", kisha hurudi kitini. Mgeni apitaye tu kutoa salamu humchelewesha kiasi kisichosikika na mtu. Lakini ajapo mzee mwenye habari ndefu za safari, ngoma hunyamaza, mchezaji aliyekwisha inua mguu hukosa pa kuutua, na maadamu mwili wake ulikuwa katika mwendo, hupepesuka mbele. Kisha ngoma inaporudi kwa kasi ileile, kana kwamba halikutokea jambo, yeye ndiyo kwanza anasimama wima, wala hawezi tena kuungana na wenziwe.

Ndani ya Uno hodi hizo hazikomi. Saa yake ya kuhesabia milisekunde hubisha kila baada ya maikrosekunde 1,024, nayo ni mgeni wa salamu. Mzee wa safari ni ile amri ya kupeleka maandishi kwenye kompyuta, ambayo kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde hutumia zaidi kidogo ya milisekunde moja kwa kila herufi, yaani muda ambao mota ilipaswa kupiga hatua nzima. Chumba cha kungojea huchukua herufi 64. Taarifa ya msomaji wangu, inayotumwa mara moja baada ya dakika kadhaa, ina herufi 90, na zile zinazokosa nafasi huisimamisha programu yote kwa milisekunde zipatazo 25. Uga wa sumaku husimama papo hapo, ilhali mhimili, kwa uzito wake, ungali unakwenda. Nao ukipitiliza zaidi ya hatua mbili, huvutwa na jino la mbele badala ya lile lililo lake, kwani meno yake 50 yanafanana mno, na sumaku haina njia ya kulitambua hili na lile.

Jambo hili la mapigo kuchelewa mafundi huliita kwa jina la Kiingereza, na wengine wamependekeza "mtetemo", neno nisilolikubali, kwa sababu mtetemo huhisiwa kwa mkono, na mota hii inao mtetemo wake wa kweli usiohusiana na hili. Mimi nasema kigugumizi. Mwenye kigugumizi hapotezi neno. Yote hufika, kwa mpango uleule, ila wakati wake umevurugika. Ndiyo maana Uno, iliyohesabu kila pigo, hushuhudia kwa dhati kwamba kalamu iko mahali pake.

Dawa ni kumpa ngoma kijana asiye na kazi nyingine. Uno inacho kihesabio kiitwacho Timer1, ambacho huweza kugeuza pini ya 9 chenyewe bila kumwuliza mtu: saa yake ikiwa ya mapigo milioni 16 kwa sekunde, kiambiwe kigeuze kila baada ya hesabu 500, na mapigo 16,000 yatatoka sawasawa, waje wageni wasije. Mwanzoni hesabu iwe kubwa, ipunguzwe taratibu, kwani ni vigumu kwa mzigo kurukia kasi hiyo kutoka kusimama. Programu ya Grbl, inayotegemea kihesabio hichohicho, hufikia mapigo 30,000. Taarifa ndefu zitumwe kalamu ikiwa imeinuliwa na mota imetulia.

Kabla ya hayo, msomaji wangu agandishe kwenye mhimili mshale wa karatasi wenye urefu wa sentimita 10, auwekee alama ya penseli, aendeshe mizunguko kamili hata taarifa moja iwe imetumwa, kisha atazame ncha. Ikiwa imehama milimita 12 na nusu hivi, au maradufu yake, jino limerukwa, kwani hatua nne ni digrii 7.2. Ikiwa imehama kwa upana wa unywele tu, pigo lenyewe halikufika. Hapo apime kama linadumu ile maikrosekunde moja ambayo A4988 huidai.